Ngano nayo ina saa yake

Karibuni, mlio kule nyuma sogeeni mbele viti vipo. Leo tunaongea habari ya ngano na saa yake, yaani inavyojua lini itoe masuke. Ukichukua ile ngano ya Ulaya inayopandwa kabla ya kipupwe chao ukaipanda hapa Njoro, Kenya, itaota vizuri tu, itatoa majani, majani, majani, masuke huyaoni. Kwanza inasubiri baridi, wiki kadhaa za nyuzi 0 mpaka kama 10 hivi, ndo iamini kipupwe kimepita. Halafu inasubiri mchana urefuke, na huku kwetu ikweta Januari masaa 12, Juni masaa 12, sasa itasubiri mpaka lini?

Aliyetutoa hapo ni Norman Borlaug, Mmarekani mtaalamu wa kuzalisha mbegu za ngano, na hakukusudia, hilo ndo linanifurahisha mimi. Alifika Mexico 1944, shida yake ilikuwa kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu, anatafuta mbegu inayouhimili, akaona kizazi kimoja kwa mwaka ni kuchelewa. Akawa anapanda Sonora, bondeni karibu na usawa wa bahari, wakati wa baridi, akivuna tu anakimbiza mbegu Toluca kule milimani mita kama 2,600 anapanda tena. Wakubwa wake walimkatalia, vitabu vya wakati ule vilisema mbegu lazima ipumzike kwanza. Yeye alikuwa anaokoa muda basi, lakini Sonora michana mifupi, Toluca mirefu zaidi, mmea unaohesabu masaa ukichelewa sehemu mojawapo unatupwa, wakabaki wale wasiojali mchana, na ndo ngano iliyokuja kukubali mpaka India na Pakistani miaka ya 60.

Sasa msije mkadhani mchana ukishamalizana nao basi, joto bado lipo palepale. Ngano inajumlisha joto la kila siku, likizidi inakimbia, punje hazipati muda wa kujaa, unavuna vipunje vimesinyaa. Ndo maana ngano yetu iko juu, hapa Njoro, Narok, Uasin Gishu, na Tanzania kule Hanang, we ukiniambia tupande Mombasa nitacheka.

Siku hizi watu wanaichezea hiyo saa makusudi kabisa. Queensland, Australia, wanaiwashia taa masaa 22 kwa siku, ngano inadanganyika, wanapata mpaka vizazi 6 kwa mwaka, wakati Borlaug na mizigo yake yote ile alipata 2. Haya, nani ana swali?