Hewa Haipimwi kwa Pishi
Mhadhara kwa wafanyabiashara, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nimeambiwa nizungumze juu ya biashara ya kaboni, na kwa nyuso ninazoziona, wengi mmekuja kusikia bei. Bei tutaifikia. Mnistahamilie kwanza nianze na jamvi.

Mwenye karafuu anajua. Ukishachuma, ukachambua makonyo, kilichobaki ni jua. Ukipata siku nne tano kavu, karafuu inakauka mpaka ukiivunja inalia. Mvua ikikuvamia siku ya pili, mnakimbizana kukunja majamvi, watoto kwa wazee, karafuu inalala ndani imerundikwa. Asubuhi ukitia mkono ina joto, rangi imeanza kupauka, na kituoni inashuka daraja. Ile tofauti ya bei ameiandika nani? Hakuna. Tunasema mwaka huu haukuwa wetu, tunanyamaza. Watu wa benki wameipa jina, wanaiita hatari ya tabianchi, na mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilizitolea benki mwongozo wa kuisimamia. Kwa hiyo ukienda kuomba mkopo wa ghala lililo hatua chache kutoka ufukweni, usishangae ofisa mikopo akikuuliza maji ya bamvua yanafika wapi.

Na mwani je? Ulianza kulimwa kibiashara Unguja, pwani ya mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1980, na huku Pemba ukashika vizuri. Kinamama waliopo hapa wanazijua aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, lakini haipendi maji ya moto. Maji yakikupwa mchana na jua likisimama utosini, unashika tawi unaliona limekuwa jeupe, laini kama kitu kilichochemshwa. Ukilivuta linakatikia kwenye taitai, ule uzi wa kulifungia, na maji yanalichukua. Basi wengi wameiacha kotonii, wamebaki na ya bei ya chini. Mnaponiuliza tabianchi itatugharimu kiasi gani, mimi nawaambia wapo walioanza kulipa zamani, tena wengi wao ni wanawake. Mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya chumvi sina haja ya kuyaeleza. Kila mmoja hapa ana bonde lake la kulitaja.

Haya, kaboni. Kinachouzwa ni vyeti: cheti kimoja ni tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa isiende angani au iliyoondolewa huko. Anayenunua ni kampuni inayochafua mahali pengine. Mfano ulio karibu nasi ni Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, kwenye mradi wa Mikoko Pamoja. Watu wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza karibu tani 3,000 kwa mwaka. Fedha hizo zimesaidia maji na skuli. Ni kazi ya kupigiwa mfano, lakini tupige hesabu. Tuseme tani moja imeuzwa dola 10, nasema tuseme tu, maana bei inapanda na kushuka. Hiyo ni dola 30,000 kwa mwaka, kwa vijiji viwili, na humo humo mtoe wapimaji, wakaguzi na walinzi. Inachimba kisima. Haimtajirishi mtu, na anayekuja kijijini kwako na gari jeupe akakuahidi utajiri, mpe chai umsikilize, kalamu usishike.

Maana mnunuzi naye ana masuali yake. La kwanza: bila fedha zangu, mikoko hii ingekatwa? Kama haina wa kuikata, huna cha kumuuzia. La pili: mkifunga upande huu wa ghuba, wakata boriti hawatahamia upande wa pili? Na la tatu ndilo linalonikosesha mimi usingizi: itakaa miaka mingapi? Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko imo kwenye tope, si kwenye mti. Tope likichimbuliwa miaka 15 baada ya kuuza, hewa inatoka, na mkataba ulioutia saini unamdai nani? Wewe, au mwanao? Kifungu hicho kisomeni mara tatu. Someni na mgao: asilimia ngapi inabaki kijijini, na inahesabiwa kabla au baada ya gharama. Na kwa kuwa mazingira si jambo la Muungano, mlango wa kwanza wa kubisha uko hapa hapa Zanzibar.

Sisi si wageni wa mambo haya. Mradi wa HIMA, wa hifadhi ya misitu, ulioanza 2010 kwa fedha za Norway ulizifundisha shehia kupima misitu yao na kufunga mikataba ya kuisimamia. Kwa maoni yangu ile mikataba ndiyo mali, hata pasipo cheti hata kimoja.

Fedha zenyewe zipo, na si za kaboni tu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa kazi zenye faida kwa mazingira. Najua kuna anayesema moyoni, hiyo ni riba. Malaysia walitoa sukuk ya kijani, hati ya uwekezaji isiyo na riba, mwaka 2017, na serikali ya Indonesia ikafuata 2018, kwa hiyo njia isiyo na riba imeshapitwa na watu.

Ila hakuna sukuk wala mkopo utakaomfikia asiye na daftari. Msimu huu andika: siku ngapi mvua imekukunjisha majamvi, kilo ngapi zimeshuka daraja, umepoteza shilingi ngapi. Ukienda benki na kurasa mbili za namna hiyo kuomba kikaushio cha jua, utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Mzee wangu wa safu ya nyuma, umeinua mkono tangu nilipotaja riba. Karibu, nakusikiliza.