Ndo, Ndoo na Jirani wa Ghorofa ya Tatu

DEO: Tuko hewani? Haya. Kabla ya yote, nyonga inaniuma, na kuna mtu humu ndani anacheka.

SALMA: Sijacheka, nimekohoa. Hamjambo jamani. Leo tuna Waigbo, watu wa kusini-mashariki mwa Nigeria. Deo kaja na mambo matatu: majina, salamu, na hii kola iliyo kwenye kisahani mbele yangu. Si soda, ni mbegu yenyewe. Hata karatasi anayo, kaipigia mistari kwa kalamu nyekundu.

DEO: Nyekundu na bluu. Ila nianze na Jumanne. Maji yalikatika tangu Jumapili, mtaa wetu mnaujua. Napanda na ndoo mbili, ghorofa ya tatu, nafika ngazi ile iliyomegeka, kandambili ikakatika. Ndoo moja ikashuka yenyewe. Ta! Ta! Ta! Mpaka chini kwa mlinzi. Mimi nimekaa kwenye maji. Mlango ukafunguka, akatoka yule mama jirani, Mnigeria. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Ndo."

SALMA: Ukamjibuje?

DEO: Nikamwambia, "Ndiyo mama, ndoo." Nikamwonyesha kwa kidole ilikoelekea.

SALMA: (anacheka)

DEO: Akarudia, "Ndo, ndo." Nikasema ndiyo, zilikuwa mbili.

SALMA: Masikini. Yuwakupa pole! "Ndo" kwa Kiigbo ni pole.

DEO: Nimekuja kujua jioni. Na ni pole kama yetu hasa, kwa sababu hakunisukuma yeye. Niliwahi kufanya kazi na Mwingereza, akijikwaa ukamwambia sori anakushangaa, kwani wewe umefanya nini? Kwa jirani yangu hakuna swali hilo. Umeanguka, ndo. Umefiwa, ndo.

SALMA: Wajua ningekuwa mimi ningefanya nini? Ningeinuka nikamfuata ndani. Kwetu Mombasa ukiambiwa "ndoo" waitwa. Ndoo ni njoo.

DEO: Kwa hiyo kuna ndoo ya maji, kuna "ndo hivyo" ya sisi wa Dar, kuna ndoo ya kwenu ya kuitana, na ndo ya pole. Zimefika nne.

SALMA: Na "nne" kwa Kiigbo ni mama.

DEO: Acha utani.

SALMA: Haki ya Mungu. Wale kina Nneka, jina lao ni "mama ndiye mkuu". Nne, mama. Nna, baba.

DEO: Kwa hiyo nikimwambia jirani nina ndoo nne...

SALMA: Usimwambie.

DEO: Na nne yenyewe, ile ya kuhesabu?

SALMA: Anọ. Na tatu ni atọ. Hapo wasikia undugu, ato, tatu. Ni ukoo mmoja huu, mababu waliachana zamani sana tu. Ila wao wamebaki na jambo sisi tumelitupa, sauti ya kupanda na kushuka. Sisi tumebakiwa na barabara ya kupita magari na barábara ya "sawasawa", basi.

DEO: Hilo nimefundishwa na mtoto wa jirani, ana miaka saba. Neno "akwa". Ukiweka juu juu, ákwá, ni kilio. Juu halafu chini, ákwà, nguo. Chini halafu juu, àkwá, yai. Chini chini, àkwà, kitanda.

SALMA: Umezisema zote sawa.

DEO: Ndivyo na yeye alivyoniambia. Nilitaka kusema nimekula yai, akanijibu kwa Kiswahili safi, "Mjomba, umesema umekula kitanda." Na huyo mtoto, Salma, huyo ndiye aliyenitesa tangu wahamie. Mama yake kila asubuhi anafungua dirisha, "Ada! Ada! Ada!" Ilikuwa Januari. Nikasema moyoni, huyu mama shule imembana kweli, mpaka anapiga kelele dirishani.

SALMA: (anacheka) Wewe ulimwambia mke wako tumchangie?

DEO: Tulishaanza kuongea! Kumbe Ada ni binti wa kwanza. Si hata jina hasa, ni cheo. Ana jina lake la ubatizo na jingine la Kiigbo, lakini akiwa kwao yeye ni Ada, na wadogo zake wanamheshimu kwa hilo.

SALMA: Haya, tumeingia kwenye majina bila kukusudia. Soma karatasi yako.

DEO: Jambo la kwanza. Wiki ya jadi ya Waigbo ni siku nne, na kila siku ni siku ya soko: Eke, Orie, Afọ, Nkwọ. Mtoto wa kiume akizaliwa siku ya Eke anaitwa Okeke. Orie, Okorie. Afọ, Okafor. Nkwọ, Okonkwo. Wanawake nao wapo, Mgbeke, Mgbafor. Kwa hiyo ukikutana na daktari bingwa anaitwa Okafor, ujue kuna babu yake alizaliwa siku ya gulio.

SALMA: Ni kina Juma na Khamisi hao.

DEO: Na Jumanne. Nina mjomba anaitwa Jumanne, kazaliwa Alhamisi, hiyo stori ya siku nyingine. Halafu kuna majina ambayo ni sentensi nzima. Chidi, Mungu yupo. Nnamdi, baba yangu yu hai. Hilo wanampa mtoto aliyezaliwa babu akiwa ameshafariki, kwamba mzee amerudi. Onwubiko, "kifo, nakusihi". Fikiria nyumba iliyozika watoto mpaka ikampa mtoto jina hilo.

SALMA: Hilo lanitoa machozi kila mara. Ákwà.

DEO: Hapo umesema nguo.

SALMA: Kimya wewe. Ngoja nieleze Ifeoma. "Kitu chema." Sasa mume wa jirani yako si watu wa Nnewi? Na mke Owerri. Kwa mume, kitu ni "ife", kwa mke ni "ihe". Kwa hiyo kuna Ifeoma na kuna Iheoma, jina moja. Na kuna jina lisemalo "jina langu lisipotee". Huku ni Afamefuna, huku Ahamefula. Mtu akitaja jina lake tu, washajua kwao ni wapi. Hapo ndipo lahaja ilipojificha, kwenye majina, maana kwenye vitabu ilishafukuzwa.

DEO: Nani kaifukuza?

SALMA: Wamishenari. Thomas Dennis na wenzake walichukua lahaja tano, Onitsha, Owerri, Bonny, Arochukwu, Unwana, wakazikoroga, Biblia ikatoka 1913. Wakakiita Kiigbo cha Muungano.

DEO: Muungano tena! Na kero zake?

SALMA: Kero ndizo nisemazo. Kilikuwa Kiigbo cha kitabuni, mtu hakukinyonya kwa mamake. Chinua Achebe, yule mwandishi wao, alikipinga vikali. Na mimi namwelewa, kwa sababu sisi tumefanyiwa hayo hayo. Mombasa ina tenzi za karne na karne, halafu mwaka 1928 wakakutana wakubwa wakaamua sanifu ni Kiunguja. Na mkutano wenyewe wakaufanyia Mombasa! Wametujia nyumbani kutwambia twasema vibaya. Shuleni nilisema "mato" nikachapwa, niseme "macho".

DEO: Pole kwa viboko. Lakini hapo mimi sikubaliani.

SALMA: Nilijua.

DEO: Baba yangu Mrombo, mama Mmachame. Wote Wachaga, sivyo? Baba akiongea Kirombo mama haambulii kitu. Hicho sanifu unachokilaani ndicho walichotongozania. Bila hicho mimi sipo hapa. Kuna lugha lazima mtu akubali isiwe ya mama yake ili aongee na jirani.

SALMA: Jirani zako wa Nnewi na Owerri waelewana bila kamati.

DEO: Wanaelewana, na bado kila siku wanabishana nani kaharibu neno. Ada ataandika kipi? Ife au ihe?

SALMA: Aandike vyote viwili! Nani kasema karatasi haitoshi?

DEO: Mchapishaji ndiye atasema haitoshi. Kitabu cha watu wa Nnewi peke yao kitanunuliwa na nani? Na huyo Achebe wako, riwaya zake aliandika kwa lugha gani?

SALMA: Hilo si jibu.

DEO: Kwa Kiingereza.

SALMA: Hilo si jibu, Deo. Waweza kusema ni kwa sababu hiyo hiyo, kwamba Kiigbo alichokuta kimeandikwa kilikuwa kikavu kama mbao.

DEO: Au kwa sababu kilikosekana kimoja kilichokubalika na wote. Mpaka wanakuja kukubaliana herufi tu, zile zenye nukta chini, ni 1961.

SALMA: Mimi siondoki hapo.

DEO: Hata mimi.

SALMA: ...

DEO: ...

SALMA: Tusonge?

DEO: Tusonge, ila sijakubali. Eh, kabla sijasahau. Jioni ile mume wake alinipigia hodi na kandambili mpya. Aliposikia mimi ni Mtanzania wa kuzaliwa, akanishika mkono hakuuachia. "Nyerere," akasema. Baba yake alikuwa Biafra, ile nchi ya Waigbo iliyojitenga na Nigeria. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua, tarehe 13 Aprili 1968. Mimi sikuwa nimezaliwa, nimelipwa kandambili.

SALMA: Hilo ungelianza nalo. Sasa tuna dakika mbili, wenzetu wanagonga, studio si yetu. Salamu?

DEO: Salamu zimekufa. Kola basi, haraka. Mgeni akifika analetewa kola, mzee anaiombea, na lazima kwa Kiigbo, kwa sababu wanasema kola haisikii Kiingereza. Kisha inapasuliwa, wanahesabu vipande, vikiwa vinne ni zile siku nne za soko. Kwa mila mwanamke haipasui, na sijui... Salma?

SALMA: Mm.

DEO: Umeing'ata?

SALMA: Sijaipasua. Nimeing'ata tu.

DEO: Bila dua?

SALMA: Lo! Chungu kama mwarobaini.

DEO: Ndo.

SALMA: N'je wapi, si nimekaa mbele yako?