Ndia Kuu, si India Kuu

Mhadhara uliotolewa Mji wa Kale, Mombasa, baada ya alasiri. Nimeuandika kama nilivyousema. Kikohozi changu na honi za tuktuk ndivyo nilivyoviacha nje.

Assalaam aleikum. Wazee wangu mlio mbele, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha, hamjambo nyote.

Niliombwa nizungumze juu ya mtandao na uandishi. Nianze na harusi, maana harusi kila mtu anaielewa.

Mwana wa ndugu yangu ndiye aliyepewa kazi ya kualika watu kwa simu. Nyumba ya harusi iko hapa nyuma tu, barabara ya Ndia Kuu, na ndia kwetu ndiyo njia. Binti akaandika "Ndia Kuu", simu ikaandika "India Kuu". Hakuona. Ujumbe ukaenda kwa ukoo mzima, Lamu mpaka Vanga. Usiku ule bibi mmoja wa Malindi akapiga simu kwa uchungu kabisa: kama bwana harusi amepata kazi Bombay, mbona wao hawakuambiwa mapema wakatafute paspoti?

Tulicheka mpaka tukatoka machozi. Kisha binti akanisogezea simu, "Ami, hebu tazama." Akabonyeza herufi moja moja, polepole kama anayemfundisha mtoto: n, d, i, a. Juu ya herufi pakajitokeza visanduku vitatu. Kimoja India, kingine ndiyo, cha tatu ndani. Ndia hakuna. Jina liko ukutani kwenye kibao, hatua chache kutoka tulipokuwa tumesimama, na simu hailijui.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Sisi hudhani mtandao ni njia tu: unaandika huku, yanasomwa kule. Kumbe mtandao nao umeshika kalamu pamoja nawe. Na mkono wake umefunzwa na watu fulani, kwa Kiswahili fulani, na aghalabu hicho si cha mtaa wako.

Si mara ya kwanza kwa mji huu. Wengi humu mumelelewa kwa Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa. Nde kwa nje, mato kwa macho, mtele kwa mchele, mtuzi kwa mchuzi, ndoo uketi kwa njoo uketi. Mbona basi mtoto wa Kibokoni akiandika "mtele" kwenye mtihani anapigwa mkasi? Mmishenari Krapf alifika hapa mwaka 1844 na Kiswahili alichojifunza ni cha hapa. Mmishenari mwingine, Steere, akakaa Unguja, akakishika cha kule. Wakavutana, wao na waliowafuata, mpaka mwaka 1928 palipofanywa mkutano wa kuchagua lahaja ya shule za Afrika Mashariki. Kikachaguliwa Kiunguja. Na mkutano wenyewe walikuja kuufanyia wapi? Hapa hapa Mombasa! Mgeni anaingia kwako, anaketi, pengine na wali wako anakula, halafu anakwambia kwamba unavyosema si sanifu.

Msinielewe vibaya, Kiunguja sina ugomvi nacho. Nimekifundisha miaka, nimekilia mshahara, na mhadhara huu natoa kwacho. Pasipo lugha moja, kitabu cha Dar es Salaam kisingesomwa Kisumu. Ninachowaonyesha ni jinsi kazi ilivyofanywa. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi, na vitabu vya shule vikawa vinapita mezani kwake vikaguliwe tahajia na msamiati. Mtandao wa wakati ule ulikuwa shule na mtambo wa chapa. Mwenye kushika muhuri ndiye aliyeshika herufi.

Mwaka ule ule wa 1930, katika mji huu huu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Al-Sahifa. Ilikuwa karatasi tu, ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, herufi ambazo mtu yeyote aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani aliweza kuzisoma. Miaka miwili baadaye akaanzisha Al-Islah. Alikuwa akiwakemea watu wake kwa kulala katika elimu na kwa kuiga mambo ya Wazungu bila kuchagua. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu. Mimi kinachonishika hapo si ukubwa wa cheo. Ni ile karatasi. Kamati ilikuwa na serikali nyuma yake. Yeye alikuwa na wino, na wasomaji anaowajua kwa nyuso, na herufi ambazo Kamati haikuwa na haja nazo. Hakuomba muhuri kwa mtu.

Nirudi nyuma zaidi, kwa Muyaka bin Haji. Alifariki yapata mwaka 1840. Alikuwa mshairi wa mji, wa mapenzi na njaa na madeni, na wa vita vya maneno baina ya Mvita, ndiyo Mombasa yetu, na Lamu na Sayyid Said wa Unguja. Beti zilitoka hapa kwa kinywa na kwa jahazi. Mwenye kwenda Unguja hungoja kaskazi, mwenye kurudi hungoja kusi. Basi aliyepigwa kijembe alikuwa na muda wa kukitafuna kabla ya kujibu, na mimi naamini ndiyo sababu mashairi yale yamejaa mafumbo. Fumbo lataka nafasi ya kufumbuliwa. Leo ukitumiwa ujumbe, tiki mbili zikageuka buluu, ukachelewa robo saa, waulizwa: umenuna? Nani atatunga fumbo katika robo saa?

Na mashairi ya Muyaka yalitufikiaje? Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka vifuani mwa wazee, akayaandika kwa hati za Kiarabu. Mmishenari Taylor akayachukua, karatasi zikaishia London, na diwani ikachapwa Johannesburg mwaka 1940. Mvita, London, Johannesburg, ndipo yakarudi kuuzwa dukani kwetu. Karne nzima.

Sasa tuje kwenye simu. Niko katika grupu moja ya washairi, jina sitaji, na admini wake ni mkali kuliko liwali. Ikigonga saa nne usiku anafunga mlango. Kuna siku alinitoa kwa kurefusha maneno, nikakaa nje wiki nzima kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Lakini humo nimeona jambo. Tarbia mnaijua: mishororo minne, kila mshororo mizani 16, ukwapi, kipande cha kwanza, minane, na utao, kipande cha pili, minane. Tazama mshororo huu wangu:

Nimeketi barazani, simu yangu mkononi.

Kwenye karatasi unakaa mstari mmoja, kina cha kati kinaonekana na cha mwisho kinaonekana. Kwenye simu yangu unafika "simu yangu", kioo kimekwisha, "mkononi" inaanguka chini peke yake kama embe. Vijana wakachoka na sura hiyo, wakawa wanagawa: ukwapi mstari wake, utao mstari wake. Sasa tarbia inaonekana ni mishororo minane. Halafu nikaanza kuona mwenye kusahau kina cha kati, kwa sababu kwa jicho lake hakipo tena katikati, ni mwisho wa mstari mwingine tu. Utenzi, wenye vipande vya mizani minane, unakaa kwenye kioo raha mustarehe, na nawaona wengi wanahamia huko. Hakuna mwanazuoni aliyepitisha azimio. Ni upana wa kioo.

Je, ni vibaya? Sijui kama "vibaya" ndilo neno. Lakini mtu akibadilisha bahari ya ushairi, na ajue ameibadilisha.

Niguse kidogo nguvu ya wenye kuushika mtandao wenyewe. Mwaka 2009, Juni, waya wa mtandao wa chini ya bahari uitwao TEAMS, kutoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, ulifika hapa kwetu, na Julai ukawashwa mwingine, wa SEACOM. Kabla ya hapo nchi hii ilitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kuua. Kwa hiyo mtandao wa nchi uliingilia pwani yetu, kama kanga na vyombo vya udongo zamani. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilitia nanga pasipotiwa nanga, ikaukata ule wa TEAMS. Nanga moja, na ofisi za Nairobi zikahema. Na tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge, mtandao ulizorota. Kampuni zikasema ni nyaya za baharini, na watu wengi wakakataa kusadiki. Sheria nazo zina safari yake: kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa kikiwatia watu ndani kwa walichoandika kilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2016, na mwaka 2018 ikaja sheria mpya ya makosa ya kompyuta ambayo nayo ilikuja na vifungu vya habari za uongo. Wanasheria wamo humu, watanisahihisha kwenye kahawa.

Mimi ni mtu wa lugha, kwa hiyo nguvu inayoniuma ni ile ya visanduku vitatu.

Fanyeni jambo moja pamoja nami. Inueni kiganja, kiweke mbele ya mdomo, karibu. Sasa semeni paa, paa la nyumba. Vizuri. Sasa semeni p'aa, yule mnyama wa mwituni. (Ukumbi ukasema, kisha ukacheka.) Mumeusikia upepo kiganjani? Kaa la moto halina upepo, k'aa wa pwani anao. Tahajia tuliyopewa shuleni haikuuandika upepo ule. Wazee wa hati za Kiarabu walijitahidi kuutafutia alama. Sisi wa herufi za Kirumi tulifunzwa kwamba maneno yale ni mamoja, na darasani niliwahi kumwambia mtoto, Mungu anisamehe, kwamba anatema mate bure.

Na hapa simu imenishangaza. Shangazi yangu hajui kuandika kwa Kirumi. Miaka yote simu kwake ilikuwa ya kupokea tu. Tangu alipoonyeshwa kubonyeza ile alama ya maikrofoni, hanyamazi. Anatuma ujumbe wa sauti dakika nne, dakika saba. Ndani mna adhana, mna kunguru, mna mwiko unaogonga sufuria, na mna Kimvita chote, upepo wake na mato yake. Darsa za akina mama siku hizi zaenda hivyo hivyo: mwalimu asema, wao wasikiliza huku wakikuna nazi, na mwenye swali auliza kwa sauti. Herufi zilichotuibia kwa karibu miaka 100, sauti imekirudisha.

Lakini subirini. Hizi programu za akili bandia, zinazoandika barua na kumsaidia mtoto insha, zimejifunza kwa maandishi yaliyozolewa mtandaoni. Katika mzigo ule Kiswahili hakifiki hata sehemu moja ya mia. Na hicho kidogo ni magazeti, tafsiri za vitabu vya dini, Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, na mengine ya namna hiyo. Kiswahili cha Kamati, watoto na wajukuu wake. Kazi ya kuzisafisha programu hizo matusi na uchafu ilipitia mikononi mwa vijana wa Nairobi, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 2023. Kwa hiyo Wakenya tumo ndani ya mashine, tena sana. Ila tumeingia kama wafagiaji.

Na sauti ya shangazi iko wapi? Imejaza simu. Ijumaa binti anakaa, anafuta ili apate nafasi ya picha za harusi. Kila wiki, dakika kwa dakika, kinachofutwa ni kile kile ambacho kisanduku cha tatu hakikijui. Upo mradi wa Common Voice wa Mozilla, unaokusanya sauti za watu wa kujitolea, na Kiswahili kimo. Ni jambo jema. Ila njia yake ya kwanza ni kukupa sentensi iliyokwisha andikwa, uisome. Shangazi hasomi Kirumi. Ukimpa sentensi atakurudishia, akuulize umekula?

Miezi hii nimenunua daftari la mistari mipana na diski ya kuhifadhia. Kila ujumbe wake nauhifadhi kabla Ijumaa haijafika, kisha nauandika neno kwa neno, na palipo na upepo naweka alama. Kazi ni ngumu kuliko nilivyodhani. Dakika nne hunichukua asubuhi nzima, kwani narudi mara tano kwenye neno moja. Nikiupiga chapa kwenye kompyuta, ukurasa mzima unapigwa mstari mwekundu chini, kama daftari la mwanafunzi mtukutu. Nimejifunza kuupuuza. Binti naye ameifundisha simu yake neno Ndia. Sasa inalitoa yenyewe, kisanduku cha kwanza. Mwezi uliopita akabadilisha simu. India ikarudi.

Magharibi inakaribia, na muadhini wetu hangoji mhadhara wa mtu. Kabla hatujaondoka nitawasikilizisha ujumbe mmoja, shangazi ameniruhusu. Anamweleza binti namna ya kuuchambua mtele wa harusi ile, na namna ya kufika nyumbani kutoka stendi bila kuuliza mtu. Sikilizeni anavyolitaja jina la barabara.