Dola 299: Namna Sega Ilivyolipoteza Soko la Gemu

Ndugu wasikilizaji, ahsanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie ushindani wa kampuni za mashine za gemu, nami nitaanza na siku moja: tarehe 11 Mei 1995, Los Angeles, kwenye maonyesho ya kwanza ya biashara ya gemu, yaitwayo E3. Wengi wetu hapa tuliikuta PlayStation, mashine ya Sony, bandani, tukalipia mechi yetu, tukashika padi, wala hatukuuliza imefikaje pale. Mwaka ule Sony ilikuwa mgeni kabisa kwenye biashara hii. Wenyeji walikuwa Nintendo na Sega.

Siku hiyo Tom Kalinske, mkuu wa Sega Marekani, alitangaza kwamba mashine yao mpya, Saturn, iliyokuwa imepangiwa Septemba, imeshaingia madukani, bei dola 399. Amri ilitoka makao makuu Japani: tuwahi kabla ya Sony. Zamu ya Sony ilipofika, Steve Race, mkuu wa kitengo chake cha gemu Marekani, alipanda jukwaani, akatamka bei ya PlayStation, 299, akashuka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Masimulizi mengi huishia hapo kwenye bei. Mimi naamini pigo kubwa zaidi Sega ilijipiga yenyewe. Ili siri isivuje, mashine zilipelekwa kwa maduka machache tu. Walioachwa nje walikasirika, na kampuni ya maduka ya KB Toys ikakataa kabisa kuuza Saturn. Kibaya zaidi, watengenezaji wa gemu wa nje walikuwa wanajiandaa kwa Septemba. Mteja akalipa dola 399, akafika nyumbani, gemu za kucheza hazizidi vidole vya mikono.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye kiini. Mashine yenyewe mara nyingi huuzwa kwa faida nyembamba, hata kwa hasara. Fedha hutoka kwenye gemu, kwa sababu kila nakala inayotengenezwa na kampuni ya nje huiingizia ada kampuni iliyounda mashine. Kwa hiyo mtu wa kubembelezwa kwanza ni yule anayeandika gemu. Sony ililielewa hilo mapema. Iliwapa zana nzuri za kazi, ilhali Saturn ilikuwa na prosesa kuu mbili zilizowatoa jasho waandishi wa programu.

Nintendo nayo iling'ang'ania katriji, yaani kikasha cha plastiki chenye chipu ya gemu ndani, hata ilipotoa mashine yake ya N64 mwaka 1996. Katriji ni ghali kutengeneza, nawe mtengenezaji wa gemu unaagiza na kulipa kabla hujajua gemu itapokelewaje. Ikidoda, mzigo ni wako. Ikipendwa, unasubiri wiki kadhaa shehena mpya, na hamu ya wateja inapoa. Diski ni rahisi, huchapwa haraka, tena hubeba takriban megabaiti 650, wakati katriji kubwa kabisa ya N64 ilikomea 64. Kampuni ya gemu ya Square, mshirika wa Nintendo wa miaka mingi, ikahama. Mwaka 1997 gemu yake, Final Fantasy VII, ikatoka kwa PlayStation, ikiwa na diski tatu.

Na linaloniuma kila nikilisoma ni kwamba Nintendo ndiyo iliyomleta mshindani huyu. Sony ilikuwa inashirikiana nayo kutengeneza mashine ya diski. Juni 1991, mjini Chicago, Sony ilitangaza mradi huo, na kesho yake Nintendo ikatangaza kwamba inakwenda na Philips. Ken Kutaragi na wenzake Sony wakaamua kutengeneza ya kwao.

Mwishowe PlayStation iliuzwa zaidi ya milioni 102, N64 karibu milioni 33, Saturn kama milioni 9.

Sega ilijaribu tena kwa Dreamcast, mashine nzuri kwelikweli, iliyokuja na modemu yake ya intaneti. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kampuni ya gemu ya Electronic Arts ilikataa kuitengenezea gemu hata moja, na wateja wengi wakaona heri wangoje PlayStation 2, iliyocheza na filamu za DVD. Januari 2001 Sega ilitangaza kuacha kutengeneza mashine. Kabla mwaka haujaisha, Sonic, mhusika wa Sega aliyeumbwa ili kumpiku Mario wa Nintendo, alikuwa anachezwa kwenye GameCube, mashine ya Nintendo.

Nimefika mwisho, nakaribisha maswali.