Baiskeli juu ya Lori: Kupitisha IPv6 kwenye Mtandao wa IPv4

Wandugu, jambo yenu! Nashukuru mmekuja, hata ninyi mliosimama kule mlangoni. Umeme ukikatika tutaendelea hivyo hivyo, sauti ninayo.

Leo nazungumzia handaki, na hapa Lubumbashi ukisema handaki watu wanafikiria mgodi wa Kipushi, kushuka chini ya ardhi na taa kichwani. Hilo lisahauni kidogo. Kwenye mtandao hakuna kinachochimbwa, kuna kupakia tu. Una baiskeli, unataka ifike Kolwezi. Huiendeshi hadi kule, unaipandisha juu ya lori. Njiani askari anasoma namba ya lori, habari ya baiskeli hana. Ikifika inashushwa, mwenyewe anapanda na kuingia mitaani. Baiskeli ni paketi, yaani kifurushi cha data, ya IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao; lori ni paketi ya IPv4, mfumo wa zamani.

Kwa nini tusumbuke? Anwani za IPv4 zina biti 32, hazifiki hata bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Tarehe 3 Februari 2011 IANA, ghala kuu la anwani, ilitoa mafungu yake ya mwisho. AFRINIC ya kule Mauritius, inayotugawia sisi Waafrika, ilibaki na akiba kwa muda mrefu zaidi, lakini siku hizi nayo inapima kwa kijiko. IPv6 ina biti 128, na imeandikwa tangu miaka ya 1990. Shida ni ile njia ya katikati: ofisi yako iko tayari, seva unayoitafuta iko tayari, halafu kampuni inayowaunganisha inapitisha IPv4 peke yake.

Basi ruta yako, kile kifaa kinachoelekeza paketi, inachukua paketi nzima ya IPv6, kichwa na mwili, inaivika kichwa kingine cha IPv4. Kwenye kichwa hicho kuna mahali pa kuandika kilichobebwa: 6 ni TCP, 17 ni UDP, njia mbili za kawaida za kusafirisha data, na 41 inasema humu ndani mna IPv6. Hiyo 41 ishikeni, tutairudia. Upande wa pili kichwa cha nje kinavuliwa, kwisha.

Kichwa hicho ni baiti 20. Hapo ndipo nilipoaibika.

Nilifunga handaki katika ofisi moja ya mji huu. Nikapiga ping, ule ujumbe mdogo wa kujaribu njia, jibu likaja. Kurasa zikafunguka. Nikapokea pesa yangu, nikaenda kula bukari. Kesho yake asubuhi simu ikalia: barua pepe yenye maneno matupu inaondoka, ukiambatisha picha ya risiti inazunguka tu. Siku mbili nilibadilisha nyaya, nikalaumu kompyuta, nikalaumu hata mvua. Mwishowe nikaketi chini, nikawa naongeza ukubwa wa ping baiti moja moja. 1424, jibu. 1425, kimya. Hakuna hata ujumbe wa kosa.

Pigeni hesabu pamoja nami. 1424, weka 8 za ICMP, mfumo unaobeba ping na ujumbe wa makosa, weka 40 za kichwa cha IPv6: 1472. Weka 20 za lori: 1492. Waya wa Ethernet unabeba 1500, kwa hiyo handaki langu nilikuwa nimelipatia kipimo cha 1480, nikiacha 20 za lori, bila wasiwasi. Kumbe huko katikati mtoa huduma naye alikuwa amepakia vyake, kichwa cha PPPoE cha kuunganisha wateja wake, baiti 8. Lori lenye 1493 likifika pale linagonga chuma cha juu.

Na kile kimya? Ruta iliyokwama ilikuwa inarudisha ujumbe wa ICMP kwamba mzigo umezidi, punguzeni. Aliyeufungia mlango ni mimi. Siku ya kwanza nilizuia ICMP yote kwenye fayawoli, mlinzi wa mlango wa mtandao, eti usalama. Ping yangu yenyewe ilikuwa inapita kwa kuwa imefichwa ndani ya handaki, fayawoli haikuiona. Nikashusha kipimo cha handaki hadi 1472, nikaufungulia ule ujumbe, picha zikaondoka. Pesa ya siku zile mbili sikuthubutu kudai. Ninyi mkiwa na shaka wekeni 1280, ukubwa ambao kila njia ya IPv6 inalazimika kuubeba. Kasi itapungua kidogo, lakini mtalala.

Kuna mahandaki yanayojifunga yenyewe. Mimi siyapendi. Mojawapo, 6to4, ilikuwa inapeleka paketi zako kwa ruta yoyote iliyojitolea, usijue ni ya nani wala kama iko macho. Mwaka 2015 anwani yake ya kupokelea, 192.88.99.1, ikastaafishwa rasmi. Siwezi kumpa baiskeli yangu dereva nisiyemjua. Tofauti ni Ufaransa, mwaka 2007: kampuni ya mtandao ya Free ilichukua wazo la mhandisi Rémi Després, kufunga mahandaki hayo ndani ya mtandao wao wenyewe, na ikawapa wateja wake IPv6 ndani ya wiki tano tu. Lori lao, barabara yao, dereva wao.

Kijana wa nyuma anauliza kama ruta yake ya SIM inafaa. Tazama kwanza anwani yake ya nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, wewe ni mpangaji kwenye kiwanja cha watu wengi: lori la 41 linafika getini, na mlinzi hajui alipeleke chumba gani. Utahitaji handaki linalovaa UDP, kama lile la programu ya WireGuard, ila hilo linakula baiti 60 badala ya 20. Hesabu ni ile ile, anza upya.

Ndiyo, mama, umeuliza vizuri. Mwisho wa handaki ukiwa Ulaya, hata seva ya IPv6 ya jirani yako hapa Kamalondo utaifikia kwa kupitia Ulaya, kwenda na kurudi. Ndiyo maana ukurasa unachelewa wakati mega zinaliwa vilevile. Tafuteni mwisho ulio karibu, hata kama ni wa kulipia.

Mama, hiyo ruta umekuja nayo? Ilete hapa mbele tuiwashe, tuone inaanza na ngapi.