Mgonjwa Anaponyamaza Kitini: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Upasuaji wa Kinywa, Kisumu

Wanafunzi, walimu wenzangu, na nyinyi wazee na kina mama mliokubali kuja kuketi nasi, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie mafunzo ya upasuaji wa kinywa. Nimeamua kumzungumzia mtu ambaye ratiba zetu humtaja kwa nadra: yule aliyekalia kiti.

Baadhi yenu mko karibu kushika koleo kwa mara ya kwanza. Mmechora mishipa ya fahamu ya taya hadi mkaiota usiku. Sasa mnakutana na mgonjwa, naye anazo habari ambazo hamtazikuta kitabuni. Nataka mmwulize, na akijibu mmwamini. Ni hilo tu, ila lina mambo ndani yake.

Mwaka 1845, mjini Boston, Marekani, daktari wa meno aitwaye Horace Wells alisimama mbele ya wanafunzi wa udaktari. Desemba iliyotangulia alikuwa ameng'olewa jino lake mwenyewe baada ya kuvuta gesi ya nitrasi oksaidi, na hakuumia. Sasa alitaka kuwaonyesha wasomi. Mgonjwa akavuta gesi, jino likang'olewa, akapiga ukelele. Wanafunzi wakamzomea Wells, wakamwita tapeli. Baadaye mgonjwa mwenyewe alisema hakuumia kama watu wanavyoumia kwa kawaida. Ukumbi mzima, na hakuna aliyefikiria kumwuliza kwanza! Oktoba 1846 daktari mwingine wa meno, William Morton, alionyesha etha, dawa nyingine ya kuvuta ya kuondoa maumivu, katika mji uleule, na sifa zikaenda kwake.

Wale walidanganywa na kelele. Sisi wa huku tunadanganywa na kimya.

Zamani kwa Waluo, kijana aling'olewa meno sita ya mbele ya chini kama alama ya kuingia utu uzima. Hapakuwa na ganzi, na kulia kulikuwa aibu. Desturi hiyo imefifia, lakini bado kuna wazee wenye pengo hilo watakaokuja kwenu. Kwa majirani zetu Wabukusu, kijana anayetahiriwa hatakiwi hata kupepesa jicho. Mtu aliyelelewa hivyo, au aliyelelewa na waliolelewa hivyo, akiketi kwenye kiti chako hatakwambia anaumia. Atakaza. Na wewe utamwandika kwenye faili kwamba alivumilia vizuri, kana kwamba ulimpa kitu kizuri cha kuvumilia.

Kwa hiyo usingoje ukelele. Tazama mkono ulioshika ukingo wa kiti, tazama vidole vya miguu vinavyojikunja ndani ya malapa, tazama chozi linaloteremka kuelekea sikioni kwa sababu mtu amelala chali. Na kabla hujaanza, mpatane ishara: akiinua mkono wa kushoto, unasimama. Unasimama kweli, si kusema "kidogo tu, mama, tunamaliza." Mgonjwa akiinua mkono mara ya kwanza ukaendelea, hatauinua tena, na kuanzia hapo unafanya kazi gizani.

Sasa tuingie kwenye ganzi. Gego la chini tunalitia ganzi kwa kuufuata mshipa wa fahamu nyuma kabisa, kabla haujaingia ndani ya mfupa wa taya. Baada ya dakika chache mwanafunzi huuliza, "Mdomo umekufa ganzi?" Mgonjwa huitikia ndiyo, na koleo linaingia. Subiri. Mdomo wa chini kufa ganzi ni dalili kwamba mshipa huo mmoja umelala. Ufizi wa nje, upande wa shavu, unahudumiwa na mshipa mwingine kabisa, ambao sindano ile haikuugusa. Mgonjwa akikwambia mdomo umelala lakini bado anaumia, yuko sahihi na anatomia inamuunga mkono. Dunga upande wa shavu, kisha pima ufizi pande zote kwa chuma chenye ncha huku ukimtazama usoni.

Halafu kuna usaha. Watu wetu huja wamechelewa. Amesaga karafuu, amemeza vidonge vya dukani, ameshinda wiki nzima akitafunia upande mmoja, mpaka nauli ya matatu kutoka Ahero au Katito ipatikane. Akifika, shavu limefura. Nyama yenye maambukizi huwa na asidi zaidi, na asidi hiyo huizuia dawa ya ganzi isipenye vizuri kwenye mshipa. Huyu si mwoga, wala "hashiki ganzi" kwa sababu ya pombe kama mnavyonong'onezana. Dunga mbali na uvimbe, toa usaha ikibidi, mwite mwalimu. Lakini usimiminie tu dawa zaidi. Mtoto wa kilo 15, kwa kipimo cha tahadhari cha miligramu 4.4 za lignokeni, dawa yetu ya ganzi, kwa kila kilo, mwisho wake ni miligramu 66. Katriji moja, yaani kichupa cha dawa ya sindano, ya mililita 1.8 ya asilimia 2 ina miligramu 36. Mbili tayari zimezidi.

Na tafadhali, acheni kuwaambia wagonjwa, "Hutasikia kitu." Atasikia! Ganzi hulaza kwanza nyuzi nyembamba zinazobeba maumivu. Zile nene zinazobeba mgandamizo hubaki macho. Atasikia taya likisukumwa, na atasikia mlio wa kupasuka ukipita mfupani hadi sikioni, mkubwa kuliko unavyousikia wewe uliyesimama. Mtu aliyeambiwa hatasikia kitu, akisikia mlio ule, anaamini taya limevunjika. Mwambie mapema: utasikia nguvu, utasikia mlio, lakini kitu chenye makali kikikuchoma inua mkono.

Walimu wenzangu, hapa nawageukia nyinyi. Tuna tabia ya kumkaripia mwanafunzi kwa Kiingereza juu ya kinywa kilicho wazi, tukidhani mgonjwa hafuati. Anafuata. Neno "fracture", yaani kuvunjika, analijua hata aliyeishia darasa la nne, kwa kuwa amelisoma kwenye eksrei ya mwanawe aliyeanguka na boda boda. Mzizi ukikatika, mwambie mgonjwa mwenyewe, kwa lugha yake, na umweleze kinachofuata. Na aambiwe tangu mlangoni kwamba atakayemhudumia ni mwanafunzi, kuna mwalimu karibu, na akikataa hatapoteza nafasi yake kwenye foleni. Wengi hukubali. Wanachochukia ni kugundua katikati ya kazi.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye kutomsikiliza mzazi wake kunaweza kumwua, nanyi wa ukanda huu wa ziwa lazima mmjue. Mtoto wa miaka mitano au sita analetwa na mama: magego yanacheza, taya limevimba. Mkono wa mwanafunzi unawasha kung'oa. Usiguse! Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Ni saratani ya tezi za limfu, hupatikana zaidi penye malaria nyingi, nasi tumo ndani ya ukanda huo. Hukua kwa kasi inayotisha, lakini ikiwahiwa husikia dawa vizuri. Kwenye kiti, dalili ya kwanza unaweza kuipata katika maneno ya mama: "Wiki mbili zilizopita uvimbe huu haukuwapo." Jipu nalo huja haraka, ndiyo, lakini mara nyingi huja na jino bovu na joto. Meno mazima yanayocheza katika taya linalovimba ni rufaa ya siku hiyohiyo. Mama huyu huenda ameshapita milango kadhaa akiambiwa ni jino. Usiwe mlango mwingine.

Kuhusu taya zilizovunjika sitasema mengi, mtaziona za kutosha. Mtu akifungwa meno kwa nyaya kwa wiki nne hadi sita, mweleze kabla ya kumfunga kwamba ni uji na supu mpaka mwisho, na amjue jamaa atakayezikata nyaya hizo haraka mgonjwa akitapika.

Nimalizie na siku ya tatu, kwa sababu mafunzo yetu huishia pale jino linapoangukia kwenye sinia. Mgonjwa alitoka vizuri, kisha siku ya pili au ya tatu maumivu yanarudi makali kuliko ya jino lenyewe, yanapanda sikioni. Moyoni anasema, "Yule mwanafunzi ameniharibu." Mara nyingi ni bonge la damu lililotoka mapema na kuuacha mfupa wazi. Kwa wavutaji sigara hutokea zaidi. Dawa yake ni kulisafisha tundu na kuweka dawa ya kutuliza humo ndani, wala si kumwongezea antibiotiki. Mwonye kabla hajaondoka: asisukutue siku ya kwanza, asivute sigara, na maumivu yakizidi badala ya kupungua arudi bila kuona haya. Kwenye kadi yake uandike nani alimng'oa, jina lako wewe, ili akirudi akuulize wewe.

Karibuni maswali, tuanze na kina mama.