Keki ya Kilo Moja Inakula Ngapi? Mhadhara kwa Wanaofanya Biashara Jikoni, Nairobi

Habari za mchana, ndugu zangu. Asanteni kwa kufika, hasa ninyi mlioacha oda zikiwangoja nyumbani.

Nitazungumza kuhusu jiko, kwa kuwa wengi humu ndani mnauza chakula kutoka nyumbani: keki, maandazi, sambusa, chakula cha mchana cha ofisini. Keki nimeichagua iwe mfano tu. Ukishona nguo sebuleni ama ukisuka nywele verandani, hesabu ni ile ile. Biashara nyingi za nyumbani hazifi kwa kukosa wateja. Zinakufa zikiwa na wateja tele, kwa sababu nyumba imekuwa ikizilipia kimyakimya: tokeni za umeme wa nyumba, sukari ya nyumba, usingizi wa mtu, mpaka siku nyumba inashindwa. Leo nataka tuzifukue hizo gharama zilizojificha tuzione kwa macho.

Tuanze na mizani. Asiye na mizani ya jikoni hajui anachouza. Kikombe cha unga kilichomiminwa polepole kina gramu 120 hivi. Kikombe kile kile ukikishindilia kinafika 150. Mapishi yanayotaka vikombe viwili na nusu yanaweza kupishana kwa gramu 75 kati ya Jumatatu na Alhamisi, na mteja anaona keki ya leo ni kavu kuliko ya juzi. Mizani ndogo ya betri inapatikana madukani mjini, na mabati ya kuokea utatengenezewa na mafundi wa bati wa Kamukunji, hapa hapa Nairobi, kwa kipimo unachotaka. Nunua mizani kabla ya kununua mashine ya kuchanganyia.

Sasa chukueni kalamu. Keki ya vanila ya kilo moja, kabla ya mapambo: unga gramu 300, sukari 230, majarini 220, mayai 5, maziwa mililita 100, beking pauda vijiko vidogo 2. Mchanganyiko huo una uzito wa gramu 1,100 hivi. Oveni inakausha karibu sehemu moja kwa kumi, unabaki na kilo moja, ama pungufu kidogo tu. Hizi bei ni za mfano, kila mtu aweke zake. Unga ukiwa shilingi 180 kwa paketi ya kilo 2, gramu 300 ni shilingi 27. Sukari ya 160 kwa kilo, ni 37. Majarini ya 400 kwa kilo, ni 88. Trei ya mayai ikiwa 450, yai moja ni 15, kwa hiyo mayai ni 75. Maziwa 12. Beking pauda na vanila, tuseme 15. Jumla 254. Mapambo ya sukari laini na majarini tuyape 230, boksi na kibao 120. Tumefika 604.

Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini. Keki inauzwa 1,200, mtu anatoa 604, anaona faida ni karibu 600, anafurahi, anachukua oda nyingine tano.

Tuendelee kuandika. Oveni ya mezani ya wati 1,800 ikiwaka dakika 15 za kupasha moto na dakika 50 za kuoka, haitazidi uniti 2 za umeme, uniti moja ikiwa ni wati 1,000 zikiwaka kwa saa moja. Hata ikijizima na kujiwasha yenyewe, tuhesabu 2, kwa sababu mashine ya kuchanganya, taa na friji navyo vinakula. Uniti ikiwa shilingi 30 pamoja na kodi, hiyo ni 60. Mashine ya kuchanganya ya 6,000 ikikupikia keki 300 kabla ya kuungua, kila keki imekula 20. Tuko 684. Sasa mikono. Kupima na kuchanganya, nusu saa. Kupamba, saa moja na nusu. Kuosha vyombo, nusu saa. Kujibu jumbe za mteja anayebadilisha rangi mara nne, nusu saa nyingine. Hizo ni saa 3, bila kuhesabu muda wa keki kuwa ndani ya oveni. Tukiipa kila saa shilingi 150, ni 450. Jumla 1,134. Ongeza asilimia 5 ya keki zinazozama, zinazoungua, na mteja anayezima simu: 57. Tumefika 1,191.

Keki iliuzwa 1,200. Faida ni shilingi 9.

Kuna atakayeniambia, "Lakini hizo 450 si ni zangu?" Ni zako, ndiyo, ila ni mshahara. Faida ni kitu kingine. Siku utakapougua ukamwita kijana akusaidie, atataka hizo 450 mkononi, na kama hukuziweka kwenye bei, utazitoa kwenye pesa za kodi ya nyumba. Kwenye mfano huu, bei inayoiacha biashara ikipumua ni 1,500 hivi. Mteja akisema fulani anauza 1,000, mpe chaguo: keki ndogo zaidi, ama mapambo machache zaidi. Usimpe keki ile ile kwa bei ya chini, kwa sababu tofauti hiyo italipwa na watoto wako.

Kuhusu stima kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Bei ya uniti za nyumbani imegawanywa kwa ngazi: wanaotumia mpaka uniti 30 kwa mwezi, kati ya 30 na 100, na waliozidi 100. Ngazi yako inatokana na wastani wa miezi mitatu. Nyumba iliyokuwa inatumia uniti 80, ikianza kuoka keki 20 kwa mwezi, inafika 120. Mwezi wa kwanza huoni kitu, kwa sababu wastani bado uko chini ya 100. Baadaye pesa ile ile inaanza kuleta uniti chache, na bei imepanda kwa uniti zote, hata za taa na televisheni. Mtu anafikiri mita imeharibika. Kwa hiyo soma mita kabla ya kuwasha oveni na baada ya kuizima, uandike kwa wiki mbili. Namba hizo mbili kwenye daftari zitakuonyesha kama ni nafuu kuhamia oveni ya gesi. Mtungi wa gesi nao uandike tarehe ulipoufunga na idadi ya keki ulizopika mpaka ukaisha.

Na nyaya, tafadhali. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13, yaani wati 3,100 hivi kwa volti 240. Oveni ya wati 2,000 na birika la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja ni 4,000. Fyuzi ikikatika, umebahatika. Ekstensheni ya bei rahisi haikatiki. Inapata moto, plastiki inalainika, na unanusa harufu kabla ya kuona moshi. Oveni ichomekwe moja kwa moja ukutani, peke yake. Na mtu wa nyumbani akitaka kuoga kwa shawa ya umeme, inayokula wati 5,000 hivi, asubiri keki itoke. Stima ikikatika katikati ya kuoka, usifungue mlango wa oveni. Dakika kumi za joto lililobaki zinaweza kuiokoa keki iliyokwishashika.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye keki zinazozama, maana hapa Nairobi zina sababu yake, na sababu hiyo inawagharimu watu pesa nyingi sana. Jiji hili liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Presha yake ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja kwa tano. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mapishi mengi unayoyapata kwenye intaneti yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Beking pauda ile ile, ikitoa gesi ile ile, hapa inavimba zaidi kwa sababu hakuna hewa nzito ya kuibana. Keki inapanda haraka, inapendeza kwenye kioo cha oveni, halafu, kabla mayai na unga havijashikana, mapovu yanapasuka, na katikati panaingia kama sahani. Mtu anadhani aliongeza beking pauda kidogo mno. Anaongeza. Inazama zaidi.

Dawa yake ni kwenda kinyume. Kila kijiko kidogo cha beking pauda, toa moja ya nane mpaka robo. Sukari punguza kijiko kimoja cha mezani kwa kila kikombe, maana sukari nyingi inachelewesha keki kushika. Maziwa ongeza vijiko 2 vya mezani kwa kila kikombe cha maji au maziwa, kwa sababu huku unyevu unatoka haraka. Joto ongeza nyuzi 10: palipoandikwa 170, weka 180. Badilisha kimoja kimoja, uandike, usibadilishe vyote kwa siku moja ukashindwa kujua kilichokusaidia. Na kabla ya kuamini namba iliyo kwenye kitasa cha oveni, weka kipimajoto cha oveni ndani. Oveni ndogo za mezani hupotoka kwa nyuzi 20 bila shida, na ule waya wa juu ulio karibu na keki unababua kabla katikati hapajaiva. Shusha trei ngazi moja, funika juu kwa foili baada ya dakika 30.

Kesho keki ya mteja wa harusi ikizama saa tano usiku, gharama yake haiishii kwenye zile 254. Kuna uniti zilizokwenda, kuna saa zilizokwenda, na kuna duka lililofungwa.

Pesa. Biashara iwe na laini yake, iwe ni namba ya till au Pochi la Biashara, zile njia za M-Pesa za kupokelea malipo ya biashara, isichanganyike na ile unayotumia kununua sukuma wiki. Amana isiwe chini ya nusu, na ilipwe kabla hujanunua hata yai moja. Keki usiitoe mlangoni kwa sababu umeonyeshwa picha ya ujumbe wa malipo kwenye simu ya mtu. Angalia salio lako mwenyewe. Kila Ijumaa, toa mshahara wako kutoka laini ya biashara uupeleke laini yako, kiasi kile kile. Ukitaka pesa katikati ya wiki, ni mkopo, uandikwe. Na sukari ya biashara iwe na ndoo yake yenye kifuniko na jina. Chai ya asubuhi ya watu watano inaweza kumaliza kilo moja kwa wiki, na kilo hiyo haionekani kwenye daftari lolote.

Karatasi nitazipitia haraka. Anayepika chakula cha kuuza anatakiwa awe na cheti cha afya, kinachopatikana baada ya kupimwa, na kinarudiwa kila miezi 6. Kaunti inataka leseni ya biashara hata kama biashara iko chumba cha pili. Mauzo yakizidi shilingi milioni 1 kwa mwaka, na hayajapita milioni 25, kodi ya mauzo ni asilimia 3, na hulipwa KRA, mamlaka ya kodi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Angalieni vizuri: asilimia 3 ya mauzo, si ya faida. Kwenye keki ya 1,500 ni 45, na lazima ziwemo kwenye bei. Ofisi ikiagiza keki ndogo 60 za mkutano, mhasibu wake atakuomba ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Ukiikosa, oda inakwenda kwa mwingine. Mkataba wa nyumba pia usomwe. Nyumba nyingi zimekodishwa kwa kuishi tu, na ni afadhali uzungumze na mwenye nyumba wewe mwenyewe kabla keateka, yule mtunza nyumba, hajampelekea habari za boda boda zinazoshinda getini.

Tukiwa bado kwenye boda, kusafirisha. Keki ya krimu ikae kwenye friji angalau saa 2 kabla ya kutoka, ishikamane. Keki ya ngazi mbili itiwe vijiti vinavyobeba ile ya juu, na isipande pikipiki kabisa. Ni ya gari, ikae sakafuni na si kwenye kiti, kwa sababu kiti kimeinama. Chini ya boksi weka kitambaa kinyevu lisiteleze. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo wakati wa mvua boksi liingie kwenye mfuko wa kitambaa kisha kwenye sanduku la boda. Piga picha keki ikiwa ndani ya boksi lililo wazi, mbele ya mwendeshaji, umtumie mteja kabla pikipiki haijawashwa. Picha hiyo inamaliza ubishi kuhusu iliharibikia wapi. Nauli alipe mteja, kando, na umwambie kiasi siku ya kuagiza.

Basi. Kila mmoja achukue karatasi aandike kitu kimoja alichouza wiki hii, na bei aliyotoza. Chini yake andika viungo kwa gramu, kisha uniti, kisha saa. Usiyejua gramu, acha nafasi wazi. Nafasi hizo ndizo tutakazoanza nazo. Nitapita meza moja baada ya nyingine, tuanze na huku mlangoni.